Baba Anasikia Nyayo

Kila adhuhuri msimu wa mavuno, Fabiola, mwanafunzi wa darasa la sita pale Nangwa, alimpelekea baba yake chakula kwenye shamba la ngano la serikali. Baba, Mzee Sulle, alikuwa dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia. Wenzake walimtania kwamba sauti yake ya kuimba iliizidi injini.

Msimu huu hakuimba. Alitaka kumaliza kuvuna kabla ya mvua, hivyo alitafuna mirungi ili asisinzie. "Usimwambie mama yako," alimwonya Fabiola. Fabiola akafunga mdomo, akidhani ndiyo adabu.

Baada ya wiki tatu, baba hakuwa akilala wala kula. Alisikia nyayo nyuma yake, na ngano ikimteta. Mama alilia kwamba amerogwa. Fabiola alijua kinachomsumbua, lakini akaitunza siri ya baba.

Siku moja alimkuta baba amesimama kando ya kombaini, macho mekundu, spana mkononi. Mbele yake alikuwa mzee Gidamis, mfugaji jirani yao.

"Shikamoo, baba," Fabiola alisema.

"Kumbe mko pamoja!" baba alimfokea Fabiola. "Wewe ndiye uliyemleta aniue!"

"Sulle, mimi natafuta ndama wangu tu," alisema Gidamis.

Baba aliinua spana.

"Mzee Gidamis, hajarogwa!" Fabiola alipiga kelele. "Ni mirungi! Anatafuna kila siku, halali!"

Gidamis aliweka fimbo yake chini, akaketi juu ya mabua. "Njoo tukae, ndugu yangu," alisema taratibu. "Mtu aliyekaa hapigani."

Mkono wa baba ukashuka, spana ikaanguka, naye akaketi akilia kwa kwikwi. Gidamis na Fabiola wakamshika mikono, wakampeleka zahanati.

Huko alilala karibu siku mbili. Alipopata nafuu alimwomba Gidamis radhi, kisha akamgeukia Fabiola. "Nilikuogopa hata wewe, mwanangu wa kumzaa," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Mirungi haikukupa nguvu, Mzee Sulle," alisema Nesi Konsolata, aliyemhudumia pale zahanati. "Ilikuficha uchovu tu, na akili isiyolala huona adui hata kwa mtoto. Nawe Fabiola, mtu mzima akikupa siri inayomuumiza, itoe mapema. Ulichelewa zaidi ya wiki tatu, na spana ilikuwa imeshainuliwa."