Punda wa Vitufe Vinne

Jumamosi adhuhuri lifti ya jengo la maduka iligoma, watu wakajazana ghorofa ya chini kama siafu. Msusi mmoja, aliyevaa gauni la njano na viatu vinavyombana, hakuwa na hamu ya ngazi. Akajipenyeza kwenye duka la vifaa vya umeme, ambako runinga kubwa ilionyesha gemu mpya: punda aliyebeba shehena ya vioo akivuka milima. Miguu minne, vitufe vinne, kila mguu na kitufe chake.

Akajaribu. Punda akapiga hatua moja, akajikwaa kwa mguu wake mwenyewe, akabiringika hadi bondeni. Vioo vikawa unga.

Mtu akacheka nyuma yake. Alikuwa kijana mwenye ovaroli ya bluu, vidole vimejaa grisi.

"Kaka, unacheka nini? Hiyo lifti uliyoijia imeshapona?"

"Imepona, dada. Nimekuja kumtazama mgonjwa mwingine."

Msusi alitaka kununa, kicheko kikamponyoka.

Fundi lifti alikuwa na gemu hiyo nyumbani kwa dada yake, alikokuwa akiishi. Ikawa kila Jumapili alasiri msusi yuko pale, amekaa zuliani, ulimi nje, anapigana na punda. Katikati ya wiki walimalizia kwa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Punda wangu hajambo?"

"Anakuulizia. Anasema hujui kutembea."

"Mwambie afunge mdomo. Na wewe pia!"

Penzi likakolea, ila kwenye gemu daraja la kamba likagoma kuvukika. Majuma matano punda alifika katikati na kutumbukia. Jumapili ya sita msusi alitoka nje kupokea simu ya mteja. Aliporudi, punda alikuwa ng'ambo, mkia juu.

"Nimekuvusha, kipenzi!"

Msusi akaitazama runinga, kisha akamtazama yeye. "Nilikuomba?"

"Nimekuonea huruma tu. Ni mchezo, jamani."

"Kwako ni mchezo. Mimi tangu mdogo, kila ninachoanza kuna mtu ananipokonya akimalize, eti nachelewa. Kumbe na wewe ni walewale."

Akachukua mkoba, akaondoka.

Siku nne simu iliita bila kupokelewa. Dada wa fundi, akikunja nguo, hakumbembeleza. "Ulimwibia, mdogo wangu. Mrudishie chake."

Siku ya tano fundi aliipeleka mashine ya gemu saluni, akaiacha mapokezi, akaondoka bila kuingia ndani. Alipopiga tena, simu ikapokelewa.

"Nimefuta nilichocheza," alisema. "Punda yuko palepale ulipomwacha. Nisamehe. Niliona unahangaika, sikuona kwamba unafurahia."

"Hiyo ya mwisho, irudie."

Akairudia.

"Haya. Lakini usije mpaka nikuite."

Kila asubuhi, kabla ya wateja, msusi aliwasha gemu kwenye runinga ya saluni. Mwanzoni punda alianguka vilevile. Kisha msusi akaacha kuikodolea miguu, akasikiliza kwato. Vidole vikaanza kwenda vyenyewe, kama vinavyosuka huku yeye akipiga soga. Ubao mmoja wa daraja, mbao tatu, saba!

Jumanne, akiwa amemsuka mteja nusu kichwa, uvumilivu ulimwishia. Akapiga simu. "Njoo sasa hivi. Na mikono mfukoni!"

Fundi akafika akihema, ovaroli na vumbi lake. Msusi akaanza. Upepo ukaliyumbisha daraja, punda akapepesuka.

"Usiseme kitu!"

"Sijasema."

"Unapumua kwa nguvu."

Akamsimamisha punda, akangoja upepo upite, akaenda. Mguu, mguu, mguu. Kwato nne zikatua juu ya mwamba, na kioo hata kimoja hakikupasuka.

Msusi alipiga yowe lililosikika barabarani. Akamrukia fundi shingoni. Mteja naye, nywele upande mmoja zimesimama, akacheza na kitana mkononi.

"Nataka kukuoa," fundi akasema.

"Sikusikii, kelele nyingi!"

"Nimesema nataka kukuoa! Unakubali?"

"Nakubali! Nakubali, bwana we!"

"Hongereni," mteja akasema. "Na huu upande wangu wa pili?"

"Kaa, dada yangu," msusi akajibu, akifuta machozi kwa kiwiko. "Leo utatoka hapa malkia."