Njia Kavu ya Twahiru

Kuna maneno yalikuwa yanazunguka mtaani kwetu Nyakabiga, nami yaliniganda kichwani: Twahiru, mchumba wa binti yangu Asiya, anakagua njia za hifadhi ya wanyama akiwa kitandani kwa mwanamke wa mtaa wa Kinanira.

Kazi yake ni kutembea zile njia kila asubuhi ya msimu wa mvua, kabla wageni hawajaingia, maana maji yakipanda viboko nao wanapanda. Halafu anatuma picha ofisini, kuonyesha kama njia ni salama.

Asubuhi hiyo Asiya alikuwa anafunga chapati.

— Ninamupelekea ku kazi. Watu watafunga midomo.

— Mwanangu, mvua imenyesha usiku kucha.

— Mama, soma mwenyewe, Twahiru ameandika.

"Chérie, niko mu pori. Njia kavu, kiboko hakuna."

Asiya akanitumia na picha yake ili nitulie, akapanda pikipiki. Nikabaki ninaiangalia. Njia ya kwenye picha ilikuwa na vumbi.

Vumbi, na mvua ile yote.

Nikampigia Twahiru.

— Uko wapi, mukwe wangu?

— Niko ku kazi, mama.

Nyuma yake sauti ya mwanamke:

— Chéri, chai inapoa.

Nikamwambia:

— Asiya ameenda kukutafuta mu hiyo njia. Mulinzi wa hifadhi atamuachilia apite, anamujua.

Sauti yake ikabadilika.

— Mama, maji iliimeza ile njia tangu jana. Mupigie. Asikimbie. Asisimame kati ya kiboko na maji. Arudi pole pole fasi yenye kukauka, kule alitokea.

Mara ya kwanza simu haikushikwa. Mara ya pili Asiya alinong'ona.

— Mama, maji iko mu magoti. Kuna kitu inapumua mu majani.

— Usikimbie. Rudi nyuma pole pole, kule ulitokea. Usimuzibie kiboko njia ya maji.

— Twahiru iko wapi?

— Rudi kwanza.

Nikasikia miguu yake ndani ya maji. Halafu majani yakivunjika. Halafu simu ikakatika.

Sikujua kama bado nina mtoto, mpaka alipotokea mlangoni baada ya adhuhuri, kiatu kimoja, matope hadi kiunoni. Twahiru akaingia nyuma yake, shati limepigwa pasi.

— Si ni mi nilisema usikimbie? Bila mi ungekufa.

Asiya hakupandisha sauti.

— Jana ulijua maji imepanda?

— Nilijua, lakini...

— Na leo ukaandika ni kavu.

— Sikujua kama we utaingia.

— Ulitaka nani aingie?

Asiya akavua pete, akamuwekea mkononi. Harusi haikufanyika.

Mabinti, na mama zao, epukeni haya:

— Mwanaume anayejibu kwa picha kila ukimuuliza yuko wapi.

— Kumfuata mtu kazini ili majirani wanyamaze.

— Kuingia hifadhi msimu wa mvua kama hakuna aliyetembea njia kwa miguu yake asubuhi hiyo.

— Kukimbia ukiona kiboko.

— Kumuachilia binti aondoke wakati moyo wako bado unauliza.