Neno la Kazi ya Baba

Kila alasiri, baada ya shule, Kamusi alipitia barazani alikofanyia kazi baba yake. Kamusi lilikuwa jina la utani. Wenzake walimwita hivyo kwa kuwa katika darasa zima la sita hapakuwa na aliyemshinda kwa maneno ya Kiingereza. Baba yake alikuwa fundi viatu. Alikuwa akimsogezea binti yake kibao cha kukalia, kisha kila mmoja akiinamia kazi yake: mmoja daftari, mwingine soli.

Siku moja muuguzi, mteja wao wa siku nyingi, alikuja na fomu mkononi.

"Fundi, hospitali yetu inafungua karakana ya viatu vya watoto wenye miguu iliyopinda," alisema. "Wanatafuta mtu, nikakukumbuka wewe. Fomu ni ya Kiingereza, lakini msomi unaye hapo."

Baba alicheka. Kiingereza hakikuwahi kumpitia hata mlangoni. "Haya mwanangu, nijazie."

Kamusi alijaza vizuri mpaka alipofika mahali pa kuandika kazi ya mwombaji. Neno "cobbler", yaani fundi viatu, alilijua. Lakini wiki ile ile msichana mmoja darasani alikuwa amesema, "Baba yake Kamusi hushinda amekumbatia viatu vya watu vinavyonuka," na wenzao wakacheka. Kalamu ikasita. Kisha akaandika "engineer".

"Umeandika nini hapo?" baba aliuliza.

"Fundi, baba."

Alijiambia kwamba hakudanganya sana. Baba alifuta gundi vidoleni, akatia saini polepole chini ya maneno yaliyosema kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli.

Baada ya wiki mbili aliitwa. Aliondoka asubuhi na shati lililopigwa pasi, akarudi kabla ya saa sita. Kamusi alipotoka shule alimkuta ameinamia kiatu, lakini hashoni.

"Wameniuliza cheti cha uhandisi," baba alisema. "Nikawaambia mimi ni fundi viatu. Karani akasema basi karatasi yangu ni ya uongo. Nikamwambia atakuwa amesoma vibaya, maana aliyejaza ni mwanangu, na Kiingereza anakijua."

Maneno hayo ya mwisho yalimchoma Kamusi kuliko fimbo. Machozi yakamtoka.

"Hakusoma vibaya, baba. Niliandika mhandisi."

Baba aliweka kiatu chini. "Uliona haya?"

Kamusi alitikisa kichwa kukubali. Alitarajia kugombezwa. Badala yake baba alimfuta machozi kwa upande wa mkono usio na gundi.

"Ulinivika kilemba cha ukoka, mwanangu. Na mimi nikatembea nacho mpaka hospitali."

"Nipeleke kesho, baba. Nitasema mwenyewe."

Kesho yake walikwenda pamoja. Mkuu wa karakana alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Kamusi alisimama mbele ya meza yake, akaeleza yote bila kujitetea.

"Na baba yako hufanya nini hasa?" mama yule aliuliza.

"Hushona viatu, shikamoo... samahani, mama." Alikuwa amesahau kumwamkia, na sasa salamu ilimponyoka katikati ya maneno.

"Marahaba. Endelea."

"Kuna bibi jirani yetu, mguu wake mmoja ni mfupi. Baba alimpima kwa uzi, akamtengenezea kiatu chenye soli nene upande mmoja. Sasa anatembea bila mkongojo."

Mama yule alivua miwani, akamtazama baba. "Alikitengeneza chote yeye?"

"Chote, toka ngozi," baba alijibu.

"Basi hata 'cobbler' halingetosha, binti. 'Cobbler' ni mtu wa kutia viraka na soli. Anayetengeneza kiatu kizima ni 'shoemaker', na ndiye tunayemtafuta. Wahandisi tunao." Akatoa fomu mpya. "Jaza tena. Safari hii msomee baba yako kila mstari kabla hajatia saini."

Baba alipewa kipimo cha mguu wa mtoto mmoja ili waone kazi yake. Siku ya nne alipeleka kiatu. Jumatatu iliyofuata akaanza kazi.

Jioni ya siku hiyo Kamusi alimpitia hospitali, wakarudi nyumbani pamoja. "Baba, umenisamehe?" Kamusi aliuliza.

"Nilikusamehe siku ile ile. Ila shika hili, mwanangu. Neno kubwa ni kama kiatu kikubwa: ukikivaa hurefuki, unajikwaa tu. Mwite mtu kwa kazi anayoifanya kweli, na kama ni kazi ya halali, usiionee haya. Watu wanaoihitaji watamjua kwa neno hilo."

Kamusi aliupokea mkoba wa vifaa wa baba yake, mzito kweli kweli, akaubeba mpaka nyumbani.