Vocha ya Jumapili

Kwaruu! Njiti ya kiberiti ilikwaruza gizani, ikazimika. Kwaruu! Ya pili.

"Baba! Hizo ni njiti mbili," sauti ikatoka kitandani.

"Nisamehe, Mheshimiwa Waziri," baba alijibu huku akicheka chinichini. "Ya kwanza ilikuwa na unyevu."

"Basi kianike kiberiti juani. Muuza duka haturudishii hela."

Ndivyo asubuhi zilivyoanza katika nyumba ile ya vyumba viwili tangu mama aondoke. Mama alikuwa amepata kazi ya kushona sare katika kiwanda cha mji wa mbali, safari ya basi ya mchana kutwa na usiku kucha. Baba alikuwa fundi viatu. Binti yao wa miaka kumi na miwili ndiye aliyeshika pesa za matumizi, na kwa hiyo baba akampa cheo cha Waziri wa Fedha. Mdogo wake wa miaka minne aliitwa Kibonge kwa sababu ya mashavu yake.

Baba alikuwa ameahidi kwamba likizo ikifika watakwenda wote watatu kumwona mama, mradi chenji ya nyumbani itimize nauli. Chenji ikawekwa kwenye mkebe chini ya kitanda. Tangu siku ile Waziri akawa mkono wa birika. Mche wa sabuni aliukata vipande vyembamba kama kucha, akampa Kibonge kimoja na kumwonya, "Ole wako ukikiloweka!" Taa aliizima mtu hajamaliza kuvua viatu. Haukuwa uchoyo, ilikuwa hamu. Jioni akikunja nguo, alilishusha gauni la mama lililobaki msumarini, akanusa kola yake, ingawa siku hizi lilinukia vumbi tu.

Jumapili ndiyo siku baba alikuwa na kazi nyingi kuliko zote, maana viatu vya shule vilimjia kwa mafungu. Kwa hiyo aliacha simu nyumbani pamoja na pesa ya vocha na salamu zake. Mama hakuwa na simu yake. Alisubiri kwa mlinzi wa bweni la wafanyakazi, penye simu ya kupokea tu, na watoto wakampigia hapo.

Jumapili moja Waziri alisimama mbele ya duka, pesa ya vocha kiganjani. Akawaza: maneno yanaisha hewani, nauli itatufikisha. Akageuza njia, na pesa ikaingia kwenye mkebe.

Jioni baba akauliza, "Mama yenu anasemaje?"

"Mzima. Anakusalimu."

Uongo ule ulimtoka kwa wepesi hata akajishangaa. Jumapili iliyofuata akaurudia, na nyingine, na nyingine tena. Mkebe ukawa mzito. Akiutikisa, alijiona kama yuko mlangoni kwa mama, anabisha hodi.

Kisha Jumapili moja alasiri akaja shangazi, dada yake baba, mpishi katika jiko la hospitali.

"Mmeshaongea na mama yenu leo?" aliuliza kabla hata ya kuketi. "Hebu tumpigie. Wifi yangu nimemkumbuka."

"Acha tu, shangazi, salio lako litaisha."

"Likiisha limeisha langu, si la serikali yako!"

Aliongeza sauti ya simu ili wote wasikie. Mlinzi akapokea, shangazi akamweleza anakopigia. "Nyumbani kwa fundi viatu? Jamani! Huyu mama kila Jumapili anakaa hapa kwenye ngazi mpaka giza linaingia. Nikimwambia akapumzike, anasema ngoja kidogo. Haya, namwita."

Waziri aliangalia sakafu.

"Haloo? Wanangu?"

Shangazi akamsogezea Kibonge simu. "Shikamoo," Kibonge alisema kwa adabu, vile alivyowasalimu wateja wa baba. Halafu akauliza, "Wewe nani?"

Upande wa pili sauti ikaja, ndogo. "Ni mama, baba. Mama yako."

Kibonge akairudisha simu kwa shangazi, akaenda kucheza na gari lake la waya.

"Waziri wangu," mama aliita, "mlikuwa mnaumwa?"

Waziri alifungua mdomo, lakini salio likaisha, simu ikakatika.

Alitambaa chini ya kitanda, akautoa mkebe, akauweka mapajani mwa shangazi. Machozi yalikuwa yamemjaa. "Humu mna pesa za vocha," alisema. "Nilitaka tufike kwake."

Shangazi alivuta pumzi aseme jambo, lakini pua yake ikatangulia. "Nini kinaungua?"

Wakakimbilia jikoni. Sufuria ilikuwa wazi, maji yamekauka, maharagwe yameshika chini na bado ni magumu kama kokoto.

"Yako motoni tangu lini?"

"Tangu saa sita."

"Uliyaloweka?"

"Hapana."

"Na mkaa mnanunua vipi?"

"Pale kona, kwa kopo. Kila siku."

"Mkishapika, makaa yanayobaki?"

"Yanajifia yenyewe."

Shangazi alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mheshimiwa! Unalinda njiti, na mkaa unateketea bure! Tungepika hivi kwetu, wagonjwa wangepona wakarudi makwao kabla maharagwe hayajaiva."

Akamwelekeza. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe, na makaa yaliyobaki yatiwe ndani ya debe lenye mfuniko ili yazimike yatumike kesho. Mkaa wenyewe wanunue gunia zima kwa kuchangiana na jirani muuza mboga, badala ya kumtajirisha mtu wa kona kopo kwa kopo.

Baba aliporudi, Waziri alimweleza yote mwenyewe. Baba aliiweka chini brashi ya viatu.

"Kila Jumapili nilikuachia salamu zangu, mwanangu," alisema. "Zilikuwa zinaishia wapi?"

Shangazi akamvuta Waziri karibu. "Sikia, mwanangu. Kubana matumizi ni kuziba panapovuja, siyo kukata kinachotuunganisha. Kabla hujapunguza kitu, jiulize nani ataumia, na waulize wenzako. Akiba ya uongo, hata mkebe ukijaa, nyumba inabaki tupu."

Gunia walilochangiana na jirani lilidumu hata Waziri akadhani jirani huyo anaongezea mkaa kwa siri. Vocha ilinunuliwa kila Jumapili, na bado chenji iliingia kwenye mkebe, polepole, na likizo ilipokaribia baba alikwenda kuulizia nafasi kwenye basi.

Kibonge naye, Jumapili ya kwanza baada ya siku ile alijificha nyuma ya mlango simu ilipopigwa. Ya pili alisogea akasikiliza. Ya tatu aliing'ang'ania simu, akamsimulia mama habari za jino linalocheza, paka wa jirani na gari la waya, mpaka dada yake akampokonya.

"Haya, Waziri," mama alisema, na kicheko bado kimo sautini, "nipe taarifa. Sukari imepanda?"

Waziri aliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mama, sina taarifa, nilitaka kukusikia tu."