Stika ya Mnara wa Taa

Kila siku saa saba mchana, shule ikishafungwa, Femke Aden alipanda baiskeli kwenda kumchukua mdogo wake Wiebke katika shule ya chekechea. Njia yao ya kurudi nyumbani ilifuata mfereji, upepo wa baharini ukiwapiga usoni. Kabla ya daraja ilipita mbele ya nyumba ya Mzee Habbo Tjaden, na hapo Femke hakukosa kupunguza mwendo. Uani kwa Mzee Habbo kulikuwa na gari-nyumba kuukuu, jeupe, lenye mstari wa buluu ubavuni. Ndani yake mlikuwa na jiko, meza, sinki na vitanda, na juu ya kiti cha dereva kulikuwa na kitanda kingine kilichotokeza mbele kama paji la uso.

"Litakuwa letu lini?" Wiebke aliuliza kutoka kiti cha nyuma cha baiskeli. Alikuwa na miaka sita, na swali hilo aliliuliza kila siku.

"Baba akimaliza orodha yake."

Baba yao, Eilert, alikuwa mwoka mikate. Kwa miaka minne familia ilikuwa ikiweka akiba ili siku moja iende Norwe kwa barabara, wote wanne, wakilala popote patakapowapendeza. Gari jipya lilikuwa ndoto tu. Gari kuukuu liliwezekana, ila Baba aliogopa kuuziwa ubovu. Basi alikata gazetini orodha ya maswali arobaini na matatu ya kukagulia gari kuukuu, akaibandika kwenye kibao cha mkononi, akatembea nayo kama polisi wa barabarani.

"Baba Femke," Mama alimtania, "hata uliponichumbia hukuuliza maswali mengi hivyo."

"Ndiyo maana safari hii nauliza."

Jumamosi walikwenda kulikagua lile gari la uani, ambalo Mzee alikuwa akiliuza. Mzee Habbo, aliyekuwa na miaka sabini na minane, aliwapokea mlangoni amevaa kofia yake ya buluu ya kibaharia. Mkewe Almuth alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo gari halikuwa limekwenda mbali. Ndani palikuwa safi kabisa. Juu ya meza palikuwa na bakuli la kahawa iliyosagwa, na harufu yake ilijaa kote.

"Kahawa kavu ya nini, Mzee?" Mama aliuliza.

"Marehemu alipenda harufu hiyo," Mzee akajibu upesi, akageukia dirishani.

Baba alilala chini ya gari na tochi. Alitazama breki, akasoma mwaka wa matairi, akasikiliza injini, na kila jambo likiwa sawa aliweka alama. Alipofika swali la thelathini na moja, alikitazama kitanda cha juu, kisha akalitazama tumbo lake.

"Mimi humo sitoshi. Femke, panda na mdogo wako, mnikagulie. Bonyezabonyeza kuta, uangalie kila kona."

Walipanda ngazi fupi. Ukuta wa kule juu ulikuwa umejaa stika za miji na nchi ambazo Mzee Habbo na mkewe walizitembelea: Denmaki, Ureno, Norwe yenyewe. Wiebke alianza kuzihesabu. Femke alijilaza, akawaza atakavyoamka hapo na kuona milima, akainua mkono na kubonyeza ukuta penye kona, karibu na kidirisha.

Ukuta ulibonyea kama keki. Kisha ukapasuka, na kidole chake kikazama chote.

Alikichomoa haraka. Kilikuwa na majimaji baridi, na shimoni mlitoka harufu kama ya majani yaliyooza mtaroni.

"Umetoboa!" Wiebke akanong'ona, macho yamemtoka.

"Nyamaza!"

"Umelitoboa gari la Mzee!"

"Nyamaza, nimesema! Ukisema hatutakwenda kokote. Ukinyamaza, utalala wewe upande wa dirisha, siku zote. Sawa?"

Wiebke akaitikia kwa kichwa.

Mwaka uliopita Femke aliwahi kuvunja kioo cha jirani kwa mpira. Baba alilipa bila kumgombeza, ila alikaa siku mbili bila kumsemesha, na ukimya ule ulimuumiza kuliko kofi. Sasa alikuwa ametoboa gari zima, tena la mtu. Kwenye rafu ndogo aliona kopo lenye stika ambazo hazijatumika. Akachukua moja yenye mnara wa taa, mnara wa mistari myekundu na ya njano, akaibandika juu ya shimo na kuilainisha kwa kiganja. Shimo likapotea. Ilionekana kama stika nyingine yoyote.

"Huko juu mambo vipi?" Baba aliuliza kutoka chini.

"Pako sawa, Baba."

"Kona zote?"

"Zote."

Akasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Baba alikuwa ameweka alama.

Wiki ile mvua haikukatika. Ilinyesha Jumapili, ikanyesha Jumatatu, ikagonga madirisha ya darasa hata mwalimu akalazimika kupaza sauti. Kila tone Femke alilisikia likiingia katika shimo lake. Alikuwa na hakika kwamba kabla ya siku ile ukuta ulikuwa mzima, na kwamba yeye ndiye aliyeuharibu. Mezani chakula hakikumshuka. Mama alimgusa paji la uso akasema huenda ni mafua. Wiebke alimtazama juu ya kikombe cha maziwa bila kusema neno, na macho yale yalimtisha kuliko maswali ya Mama.

Jumatano, alipokuwa akipita mbio kwa Mzee Habbo bila kugeuza kichwa, alisikia sauti. "Wewe binti! Hebu simama!"

Femke alishika breki, nusura aingie mferejini. Mzee alikuja hadi langoni, mvua ikimtiririka kwenye kofia. Ameona, Femke akawaza. Amepanda juu, ameona.

"Juzi ulipanda kule juu," Mzee alisema polepole. "Umepaonaje?"

"Pazuri, Mzee." Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi.

"Pazuri tu? Hukuona kitu?"

"Sikuona kitu."

Mzee alishusha pumzi ndefu. La ajabu, hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo, na papo hapo akawa kama ameelemewa na mwingine. Alitoa mfukoni peremende mbili, moja ya Femke na moja ya Wiebke, akarudi ndani bila kuaga. Peremende ile Femke hakuila. Aliitia mfukoni mwa koti, na kila alipotia mkono aliigusa.

Jumamosi ya pili walikwenda kutia saini.

Nyumbani kwa Mzee Habbo, kama kwa watu wote wa pwani ile, hakuna jambo linalofungwa bila chai, na chai ni vikombe vitatu. Anayenywa pungufu amemtukana mwenyeji. Baada ya kikombe cha tatu mgeni hutia kijiko ndani ya kikombe, maana yake ametosheka, na hapo ndipo watu hupeana mikono. Femke alilijua hilo tangu akiwa mdogo. Siku ile tu ndipo vikombe vilipomtisha kama saa ya ukutani inayohesabu muda uliobaki.

Mzee alitia donge la sukari ya mawe katika kila kikombe, akamimina chai ya moto. Sukari ikalia *kach!* Akadondoshea krimu pembeni. Hakuna aliyekoroga, ndiyo desturi. Walizungumza habari za mvua na za tuta la kuzuia bahari. Kikombe cha kwanza kikaisha.

Kikombe cha pili. Baba alivaa miwani, akavuta mkataba, akasoma kwa sauti ili Mama asikie. Alipofika mstari wa mwisho akasema, "Na hapa wameandika: 'Gari limenunuliwa kama lilivyoonwa.' Maana yake, Mama Femke, tukishatia saini hakuna kurudi. Tumeona wenyewe, tumekubali."

"Tumeona," Mama aliitikia.

Kama lilivyoonwa. Femke aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Baba alikuwa hajaona. Baba alikuwa ameona kwa macho yake yeye Femke, na macho hayo yalikuwa yamedanganya. Aliwaza barabara za milimani, Baba akiwa kwenye usukani, naye na Wiebke juu ya kichwa chake, na ule ukuta baridi ukibonyea.

Mzee Habbo aliinua birika kwa kikombe cha tatu. Mkono wake ulitetemeka, chai ikamwagika kwenye sahani. Femke aliuona mkono ule, lakini hakuelewa.

"Baba, usitie saini!"

Wote wakageuka.

"Nilitoboa ukuta. Kule juu. Kwa kidole. Nikabandika stika halafu nikakwambia pako sawa. Nilikudanganya, Baba. Samahani, Mzee. Ni mimi niliyeliharibu gari lako."

"Na mimi niliona!" Wiebke akadakia, akaanza kulia. "Dirisha silitaki tena!"

Baba hakusema kitu. Aliweka kalamu chini. Ukimya ndio huo umekuja, Femke akawaza. Baba aliinuka, akatoka nje kwenye mvua, na wote wakamfuata.

Alijipenyeza kwenye ngazi fupi mpaka mabega yakakwama, akanyoosha mkono. "Ipi?"

"Ya mnara wa taa."

Aliibandua. Akatia kidole, akanusa. Kisha, kama anavyobonyeza mikate inapotoka tanuri, akaanza kubonyeza ukuta kwa kidole gumba, hapa, na hapa, na pale. Akabandua stika ya Denmaki. Nyuma yake palikuwa na shimo. Akabandua ya Ureno. Palikuwa na shimo lililozibwa kwa karatasi. Akabandua ya Norwe, na kipande cha mbao nyeusi, kinene kama kiganja, kikakatika kwenye boriti inayoshikilia kitanda na kuanguka *pwaa* juu ya kiti cha dereva.

Kiti kile ndicho Baba alichokalia wiki iliyopita.

"Huu ni mkate mbichi," Baba alisema, sauti ikimkauka. "Nje umeiva, ndani unga mtupu. Hii haikuozeshwa na kidole cha mtoto. Hii imeoza miaka." Alishuka, akamgeukia mwenye gari. "Mzee Habbo. Wanangu wangelala humu!"

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, mvua ikimlowesha mvi.

"Ulijua?" Mama alimuuliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mkali kuliko kelele.

"Nilijua." Mzee akajibu. "Shimo la kwanza lilitobolewa na kidole changu, kama chake. Almuth alikuwa amefariki mwezi mmoja nyuma. Nikabandika stika nikasema, ni moja tu, nitatengeneza. Kisha likaja la pili. Fundi angesema gari livunjwevunjwe, na mimi sikutaka kulisikia neno hilo. Hata kahawa ile, Mama Femke, ilikuwa ya kufukuza harufu. Mke wangu hakuipenda kahawa maisha yake yote."

Baba alikuwa akipumua kwa nguvu. Femke alingoja. Lakini Baba alimgeukia yeye, akachuchumaa kwenye maji mpaka macho yao yakawa sawa.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, Baba."

"Hilo sijalipenda, na tutalizungumza nyumbani. Lakini umesema kabla sijatia saini, na kusema kulikuwa kugumu. Ulifikiri nitafanya nini?"

"Kwamba utanyamaza. Kama siku ya kioo."

Baba akainamisha kichwa. "Siku ya kioo nilikosea kukununia. Mtoto akimwogopa baba yake hadi akaficha shimo, baba naye ana la kutengeneza." Akamvuta kifuani, na unga wa mikate ambao haumtoki nguoni ukamganda Femke shavuni.

Waliporudi ndani, mkataba Mzee Habbo aliuchana mwenyewe vipande vinne. Alisema Jumatatu atamwita fundi aje alivunje gari, na kwamba atakayetaka injini ataambiwa kila kitu. Baba alichukua koti lake aondoke, bado amekunja uso. Mama akamshika mkono.

"Kimebaki kikombe kimoja," alisema.

Baba alilirudisha koti. Akaketi, na wengine wakaketi. Safari ya Norwe haikuwepo tena mwaka ule. Wangekwenda na hema hadi nyuma ya tuta, wangoje akiba na gari jingine. Wiebke alikuwa tayari anauliza kama hema lina dirisha.

Mzee Habbo alimimina, na safari hii mkono haukutetemeka. Kikombe cha kwanza alimpa Femke, kabla ya wakubwa, jambo ambalo kule halifanywi.

"Binti," alisema, "mimi nina miaka sabini na minane, wewe kumi na miwili. Tuliona ubovu uleule, tukaogopa namna ileile, na wote wawili tukabandika stika. Nimekaa na hofu hiyo miaka mitatu, na kila stika iliniongezea nyingine. Wewe umeibandua kwa wiki moja. Jambo likikutisha, liseme lingali shimo la kidole. Ukilifunika, maji hayaachi kuingia."

Femke alikunywa chai yake yote. Kisha akatia kijiko ndani ya kikombe, akatoa mfukoni ile peremende ya Jumatano, na kuila.