Nusu Saa ya Kulala Chali

Kitu cha kwanza alichokiona ni kifungo. Kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja kwenye mkono wa koti jeupe, na koti lenyewe lilikuwa linapita mbio pale mapokezi ya hospitali, katikati ya benchi zilizojaa, simu zinazolia na watoto wanaokohoa. Yeye alikuwa amesimama na furushi la mashuka aliyoyatia rangi ya buluu, akisubiri mtu wa kuyapokea. Kifungo kikaanguka, kikabingirika, kikaja kutulia kwenye kidole chake cha mguu.

"Dada, samahani, kifungo changu..."

Alichomoa sindano aliyozoea kuichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake, akaushika ule mkono wa koti, akashona. Uzi aliokuwa nao ulikuwa wa buluu.

"Huongei?" kijana aliuliza.

"Naongea." Akakata uzi kwa meno.

"Neno moja zima! Leo nina bahati."

Kwenye karakana ya shangazi yake, walikotia vitambaa rangi, wote walimwita Kimya. Shule aliiachia darasa la tano, na tangu hapo aliamini kwamba maneno ni ya wale waliomaliza. Lakini kijana huyu, fundi wa maabara, hakuonekana kuwa na haraka tena.

"Natafuta watu wazima wenye afya," alisema. "Ni utafiti. Tunapima mtu ana damu kiasi gani mwilini."

"Mnaimwaga yote?"

Fundi akacheka mpaka wazee wa kwenye benchi wakageuka. "Hapana, jamani! Tunaingiza rangi kidogo mshipani, rangi isiyodhuru. Tunasubiri ichanganyike, halafu..."

"Halafu mnachota kidogo, mnaangalia imefifia kiasi gani." Uso ulimwaka kwa aibu, lakini aliendelea. "Pipa lisilo na alama nami hulipima hivyohivyo. Rangi ikibaki nzito, maji ni machache. Ikififia, maji ni mengi."

"Mimi nilikaa chuoni miaka mitatu kulielewa hilo," alisema polepole.

Siku ya kipimo, Fundi alimsomea fomu yote kwa sauti bila kumwuliza kama anajua kusoma, na hilo Kimya alilihifadhi moyoni. Alimweleza kwamba damu hazilingani: mwenye mwili mkubwa anayo nyingi, mkimbiaji humzidi mtu wa kukaa, anayeishi milimani humzidi wa bondeni, na mwenye mimba huongezewa kwa ajili ya wawili.

"Hata wewe mwenyewe hubadilika," alisema. "Ukisimama, maji ya damu hupenya kutoka mishipani yakashuka kwenye nyama za miguu. Ndiyo maana lazima ulale chali nusu saa nzima kabla sijakupima."

Jibu likatoka: lita tatu na nusu. Kesho yake simu ya Kimya ililia akiwa ameinamia pipa.

"Haloo, Lita Tatu na Nusu, umeamkaje?"

"Wee! Watu wakikusikia je?"

"Wasikie. Wangapi wanajua kipimo cha mpenzi wao?"

Mpenzi. Neno hilo lilizunguka pipani siku nzima pamoja na kijiti chake cha kukorogea. Jioni shangazi alikuta vitambaa sita vimekolea kuliko vilivyoagizwa. Hakugomba. Aliguna tu.

Kila mtu alipimwa mara mbili, wiki moja ikipita katikati, kuona kama majibu yanakubaliana. Mara ya pili Kimya alivaa gauni alilolitia rangi mwenyewe, buluu iliyopauka mabegani na kukolea kadiri ilivyoshuka. Fundi alimlaza, akamwonyesha saa ya ukutani, akatoka kufuata vifaa. Pazia lilikuwa linapumua taratibu. Chumba kilinukia sabuni. Kimya alikuwa kama anaelea.

Kisha akasikia kicheko cha Fundi nje.

Aliinuka kitandani, akaenda dirishani. Uani, Fundi alikuwa na dada wa mapokezi. Dada amemshika mkono, ameinamia ncha ya mkono wa koti lake, wanacheka. Kimya alibaki amesimama pale, miguu ikizidi kuwa mizito, mpaka saa ilipokaribia kutimia. Ndipo akarudi kulala kana kwamba hakuwahi kuinuka. Fundi alipoingia na kumtania, Kimya alimnyooshea mkono tu, uso ameugeuzia ukutani.

Siku mbili baadaye akapiga simu. "Mpenzi, kuna damu imepungua. Karibu chupa nzima ya soda. Umetoa damu mahali? Umeumwa? Niambie ukweli."

Ukweli! Yeye ndiye wa kudai ukweli? Kimya alikata simu. Ikalia mara saba, akaifunika kwa ndoo.

Asubuhi moja dada wa mapokezi alikuja karakana mwenyewe kuchukua mashuka. Alimwangalia Kimya, akaangalia kibweta chake cha nyuzi, akapiga makofi.

"Kumbe wewe ndiye wa uzi wa buluu! Yule kaka kanionyesha kifungo kile mpaka nikachoka. Juzi pale uani nikamwambia lete nikishone kwa uzi mweupe, akaruka kama kaungua!" Kisha uso ukabadilika. "Masikini, leo saa nne anaondolewa kwenye utafiti. Daktari anasema alipima rangi vibaya. Kuna mtu majibu yake mawili hayakubaliani."

Kijiti kilimponyoka Kimya.

"Nenda," shangazi alisema. "Pipa nitalikoroga mimi."

Alifika mikono ikiwa ya buluu mpaka kwenye viwiko. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na daktari mkuu wa utafiti, mama wa miwani ya kamba, alikuwa anaandika. Fundi alisimama mbele yake, koti amelikunja mkononi.

"Alipima sawasawa," Kimya alisema kutoka mlangoni. "Mimi niliinuka. Nilisimama dirishani."

"Muda gani?"

"Mshale mrefu ulikuwa kwenye mbili. Ukafika kwenye sita."

Daktari akavua miwani. "Dakika ishirini." Akamgeukia Fundi. "Ulimwacha peke yake?"

"Nilimwacha, Daktari."

"Basi kosa lako ni hilo. Mlaze tena, na safari hii ukae. Likirudi jibu la kwanza, nawe unabaki."

Akalala. Fundi alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, bila kutania, na ile nusu saa ikapita kama maji yanavyotulia pipani baada ya kukorogwa. Sindano iliingia, damu ikachotwa, Fundi akaenda maabara. Alirudi amevaa koti, kifungo kikiwa mahali pake.

"Lita Tatu na Nusu," alisema, macho yamejaa maji.

Kimya akaketi.

"Lakini niambie," Fundi alisema, "dirishani kulikuwa na nini cha kukusimamisha dakika ishirini?"

Angeweza kutikisa kichwa tu, kama siku zote.

"Wewe," alisema. "Nakupenda. Nilikuwa nakuangalia wewe."