Kaseti Iliyozibwa Mapengo

Basi la Lindi lilikuwa limesimama Kibiti, abiria wanagombea mihogo ya kukaanga, Zamda alipotua kikapu chake cha kamba wakavu mbele ya kibanda cha kaseti. Gauni la njano, kanga begani, asumini nyweleni.

"Kaka, punguza huo muziki. Huyo anayeimba kabanwa na mlango?"

Haruna, mwenye kibanda, kijana wa Mtunda huko bara, aliyejali pasi ya shati kuliko chakula cha mchana, akacheka. "Imba wewe basi, dada wa mikokoni."

Akaimba. Wee! Hata utingo aliacha kuita abiria. Haruna alipenda palepale, hakujua kama basi limeondoka au lipo.

Ikawa kila Zamda akija Kibiti kuuza kamba, kibandani kuna soda inamngoja. Haruna ndiye aliyemtafutia studio Dar. Zamda akarudi na albamu yake ya kwanza, nyimbo sita alizozitunga mwenyewe.

"Toa kopi, mpenzi. Lakini usikilize mpaka mwisho, halafu unijibu."

"Nikujibu nini, malaika wangu?"

"Utajua."

Zamda akarudi Dar, vituo vipya vya redio vinamwita. Haruna akasikiliza. Kila baada ya mstari sauti inakatika, inabaki ngoma peke yake, halafu ndiyo Zamda anaendelea. Masikini, mtoto wa bara yule! Akadhani mashine ya studio ilikuwa mbovu. Kwa mapenzi yake yote akaketi na redio ya kaseti mbili, akayaondoa mapengo yote, nyimbo zikawa zinakimbia bila kupumua. Hizo ndizo alizozituma Dar na Salale ya mikokoni.

Dar walizipenda. Salale, kwao Zamda, walizirudisha. Bi Mwamvua, mama yake, alizileta mwenyewe ndani ya kikapu.

"Zichukue, baba. Wanasema mwanangu kapata jina, sasa anaimba peke yake kama mwanga anayewanga usiku. Shambani wamekataa kumtaja."

Jioni ileile Haruna akaitwa posta, kuna simu kutoka Dar.

"Haruna, nimesikia redioni. Umeifanya nini kaseti yangu?"

"Nimeitengeneza, mpenzi. Ilikuwa na mapengo."

"Mapengo!" akamaka Zamda. "Kwetu mtu haimbi peke yake. Tukipanda mpunga mmoja anaanzisha, wenzake wanaitikia. Nimewaachia watu wangu nafasi, wewe umewaziba midomo. Na lile pengo la mwisho lilikuwa lako."

"Zamda, sikujua..."

"Mimi narudi Salale. Kama watanipokea."

Simu ikakatika. Haruna akabaki na mkono wa simu sikioni, machozi yanamtoka mbele ya watu wa posta, wala hakuona haya.

Siku ya tatu alipanda boti ya Salale na redio kaseti kifuani, pamoja na ile kaseti ya asili. Aliwakuta wanawake ndani ya maji ya mpunga, migongo imeinama, mikoko imesimama kimya nyuma yao. Zamda alikuwa ukingoni peke yake. Hakuna aliyemsogelea.

Haruna hakusalimia hata. Akabonyeza.

Sauti ikatoka, ikanyamaza. Ngoma. Bi Mwamvua akainua kichwa, akaitikia. Mstari wa pili wakaitikia watatu. Wa tatu shamba zima liliitikia, maji yanarukaruka miguuni, mtu anaita, "Zamda, mwanetu, shuka huku!" Zamda akajifunika kanga usoni akalia.

Ukaja mstari wa mwisho: *Nikirudi nimechoka, nani atanipokea?*

Ngoma. Wanawake wote wakafunga midomo, wanamtazama kijana wa shati la pasi. Haruna akaingia majini na viatu vyake.

"Mimi, Zamda," akaimba, sauti imepasuka vibaya. "Nitakupokea mimi, nikuoe."

Shamba likaangua kicheko. "Posa italetwa nyumbani, siyo kwenye matope!" akafoka Bi Mwamvua, huku anacheka.

Zamda akashuka majini, akaichukua redio mikononi mwa Haruna, akarudisha kaseti nyuma kidogo.

"Hujaipata sauti," alisema, anapangusa machozi. "Itikia tena."